Baiskeli Yenye Madoa ya Kanga

Wengine wakinusa mvua ya kwanza wanakumbuka kwao. Mimi nifungulie mkebe wa rangi ya mafuta. Ingiza bisibisi chini ya kifuniko kinachonata, kiinue polepole, uone ile ngozi iliyoganda juu kama ya maziwa yaliyochemshwa, uitoboe kwa kijiti, harufu itoke ikiwa imechanganyika na mafuta ya taa. Basi, umenipoteza. Sipo tena hapa. Niko Otonglo, kando ya barabara ya Busia, mtoto mwenye kaptura iliyopasuka nyuma, na moyo unadunda kama mashine ya kusaga mahindi.

Nijitambulishe mapema ili tusisumbuane. Mimi ni mtu mkubwa katika kazi hii. Ukiona basi limepita Kisumu lina simba ubavuni, na simba yule anakukodolea macho popote unaposimama, uliza limepakwa na nani. Watakutajia mimi. Shule niliiacha darasa la nne; sijaitafuta tena, nayo haijanitafuta. Lakini vijana wenye vyeti vyao wanakuja gerejini kwangu kuuliza rangi fulani nimeipataje, na swali lao la pili huwa ni lilelile: mzee, wewe ulifundishwa na nani? Leo nitasema. Nilifundishwa na wadudu.

Baba yangu, fundi Magak, alikuwa anatengeneza baiskeli. Sisemi kurekebisha, nasema kutengeneza. Alichukua paipu za maji zilizotupwa na vyuma vya vitanda vya zamani, akavikata kwa msumeno, akavipinda juu ya makaa huku mimi nikivuta mivukuto, kisha akaviunga kwa shaba. Shaba ikiiva, inakimbia yenyewe ndani ya kiungo kama asali ya moto, na mwali unageuka kijani. Fremu yake ilibeba magunia mawili ya mahindi na mama mkwe juu yake, na haikulia. Zile baiskeli za dukani mjini, zilizokuja kwa meli na mistari ya dhahabu, zilivunjika shingo kwa mzigo wa kwanza, na wenyewe wakaja kwa Baba wakizikokota kama kondoo mgonjwa.

Lakini sura zake! Jamani, zile baiskeli za Baba zilikuwa mbaya. Alizipaka lami, lami hii ya barabara, anaichemsha kwenye debe pamoja na mafuta ya taa na kuipaka kwa kipande cha gunia. Nikimuuliza kwa nini hatutumii rangi, alinijibu bila kuinua macho, "Baiskeli ni punda. Umeona wapi punda amepakwa rangi?"

Sasa, kulikuwa na siri. Ndani kidogo ya Otonglo aliishi mzee mmoja aliyebarikiwa mabinti, na boma lake lilikuwa limezungushiwa ua wa ojuok, ule mti wetu wa vijiti vya kijani wenye utomvu mweupe. Wachumba hawakuisha pale. Kijana aliyekuja na baiskeli ya dukani aliingia nayo mpaka uani akipiga kengele, kuku wakaruka. Aliyekuja na baiskeli ya Baba alishuka kwenye kona, akaichomeka ndani ya ojuok, akaifunika kwa matawi, akafuta jasho na kuingia kwa miguu kama mtu aliyeletwa na basi. Sisi watoto tulizijua zote. Mchumba akiwa ndani anakunywa chai kwa adabu, sisi tunaichomoa baiskeli yake, tunaendesha mpaka barabarani na kurudi. Nilijifunza kuendesha hivyo, juu ya aibu ya wachumba.

Siku moja nilimsimulia Mama huku nacheka. Yeye hakucheka. Alinishika sikio, si kwa nguvu, akasema, "Hiyo habari isimfikie baba yako hata siku moja. Mkono wake ndio unatulisha. Mkono ukiona haya, hautashika nyundo." Nikaifunga siri kifuani. Lakini tangu siku hiyo, kila Baba alipomkabidhi mtu baiskeli mpya na kuipigapiga shingoni kama anayeaga mnyama wake, mimi niliangalia pembeni.

Ndipo akaja Oduor.

Oduor alikuwa mchukuzi wa samaki wa Dunga, kijana mrefu mwenye mdomo mrefu kuliko yeye. Asubuhi alibeba ngege kutoka ufukweni mpaka sokoni mjini, na njia yote aliimba. Alisimama mbele ya Baba akiwa ananuka samaki, kifua mbele.

"Fundi, nataka fremu mpya. Hii si ya samaki. Jumamosi ya wiki ijayo naenda nayo ukweni, Katito, kwa kina Adhiambo."

"Katito? Si uende kwa basi?"

"Wazee wangu ndio watapanda basi. Mimi nitafika juu ya chuma changu. Lakini fundi, tafadhali, si kwa lami. Nikifika na lami, mzee atadhani nimetumwa kutengeneza barabara."

Watu waliokuwa pale walicheka. Baba hakucheka. "Urembo siuwezi," alisema. "Mimi nauza nguvu."

"Mimi nitaipaka!"

Hiyo ilikuwa sauti yangu. Hata mimi nilishtuka. Oduor alinitazama kutoka vidoleni mpaka kichwani, safari fupi hiyo, kisha akacheka na kunipa mkono kama mtu mzima. "Omera, ndugu yangu, tumeelewana." Baba alirudi kwenye msumeno wake. Alisema tu, "Mkapakie mbali. Sitaki watu wapite hapa waseme Magak amefungua duka la poda."

Oduor alifikiri anapata baiskeli nzuri ya uchumba. Mimi nilikuwa na yangu moyoni. Nilitaka baiskeli moja ya Baba, moja tu, ivuke ua wa ukweni na kuingia mpaka ndani.

Fremu ilipotoka motoni na kupoa, tuliibeba mpaka Dunga. Kule wenye mashua walikuwa wanapaka mashua zao, na Oduor, kwa ule mdomo wake, alikuwa amewaomba masalio: mkebe wa njano karibu ujae, na kijani cheusi nusu mkebe. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu kichwani. Njano mwili mzima, inayong'aa kama yai, halafu mistari miembamba ya kijani. Brashi sikuitaka, maana brashi huacha njia za nywele. Jirani yetu Mama Wambui, muuza viazi kutoka upande wa Mlima Kenya, alikuwa na bomba la kunyunyizia dawa ya mbu, lile la kusukuma kwa mkono lenye kikopo mbele. Aliniazima. Nikazimua rangi kwa mafuta ya taa, nikaimimina kwenye kikopo, nikajaribu juu ya jiwe. Fyuu! Ukungu wa njano ukatua juu ya jiwe bila alama ya mkono. Ningeweza kulia. Nawaambia, katika Kisumu yote, mtu wa kwanza kupaka baiskeli kwa bomba la mbu ni mimi, na kama kuna mwingine ajitokeze.

Tuliitundika fremu kwa kamba kati ya nguzo mbili za kuanikia nyavu. Nikapuliza. Chini ya kiti, shingoni, kwenye uma wa nyuma, ndani ya pembe ambamo hata kidole hakifiki. Wavuvi waliacha kazi wakaja kutazama. Mzee mmoja mwenye mashua aliangalia ziwani, akasema, "Kijana, ziwa linafuka moshi."

Kweli, mbali juu ya maji nguzo za moshi mweusi zilikuwa zimesimama, zinajipinda. Kila mtoto wa ziwa anajua huo si moshi. Ni sam, wale wadudu wadogo wa ziwani kama mbu wasiouma, wanaozaliwa majini kwa mamilioni na kwenda wanakopelekwa na upepo. Niliwaona. Nikasema kwa kiburi changu chote, "Wakifika hapa, rangi imeshakauka."

Ingekuwa rangi ya baiskeli, labda. Lakini ile ilikuwa rangi ya mashua, iliyotengenezwa kukaa majini, na rangi ya mashua haina haraka na mtu. Upepo ukageuka. Kwanza akatua mmoja. Nikampuliza kwa mdomo. Wakatua watano. Halafu jua likafifia, na sauti ikaja, mlio mwembamba kama wa sufuria inayokaribia kuchemka, tukafunika nyuso kwa mashati. Waliingia puani, masikioni, ndani ya chai ya watu. Walipopita, fremu ya Oduor haikuwa njano tena. Ilikuwa na manyoya.

Dunga yote ilikufa kwa kicheko.

"Oduor, baiskeli yako imeota ndevu kabla yako!"

"Wamelijua lile bomba! Wamekuja kulipiza kisasi cha mbu!"

Mama mmoja aliyekuwa anakaanga samaki alipaaza sauti kutoka kwenye karai lake, "Usiitupe! Peleka hivyohivyo, mkwe ataila na ugali." Maana kwetu wapo wanaokanda sam na kuwapika kama mkate.

Oduor, yule mwenye mdomo, alichomoa kisu cha samaki akaanza kukwangua, na rangi ikatoka kwa vipande kama utandu wa uji, chuma kikabaki uchi. "Nimekwisha," alisema. "Nitaenda kwa miguu."

Nilimshika mkono. Sijui nilitoa wapi ujasiri ule. Nadhani nilizaliwa nao. "Kaka Oduor, acha ikauke na wadudu wake. Ikikauka, nitawafunika kwa kijani. Nani atawaona?"

Basi tukaacha. Ilikauka polepole, siku baada ya siku, na sam ndani yake, ngumu kama kokoto. Ndipo nikapaka kijani chote juu, tukangoja nacho kikauke. Na kweli manyoya hayakuonekana tena. Kilichoonekana kilikuwa ngozi ya mamba. Vipele toka mbele mpaka nyuma. Tuliirudisha Otonglo ili Baba afunge magurudumu, na Baba aliizunguka mara moja tu, mikono nyuma.

"Punda wenu," akasema, "ameshikwa na surua."

Ilikuwa Alhamisi. Oduor alikaa juu ya debe la lami akashika kichwa. Mimi nilichukua karatasi ya msasa, ndoo ya maji na kipande cha sabuni, nikaanza kusugua. Sikuwa na mpango wowote mkubwa, msidanganyike. Nilitaka tu kufuta vipele, iwe laini, ipite. Nilisugua paipu ya juu, nikaimwagia maji, nikafuta kwa kiganja.

Kulikuwa na nukta ya njano.

Nikasugua tena. Nukta tatu. Nikasugua kwa nguvu zangu zote, povu la kijani likinichuruzika viwikoni, nikamwaga maji, na hapo, ndugu zangu, niliruka juu nikapiga yowe mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko. Kila mahali mdudu alipokuwa amelala, kipele kilikuwa kimeinua njano juu. Msasa ulipokata kipele, njano ilichungulia katikati ya kijani. Maelfu ya madoa madogo ya duara, hakuna mawili yanayofanana, yamejipanga kama yalivyotaka yenyewe. Mkono wa mtu hauwezi kuchora vile. Ulikuwa mgongo wa kanga, yule ndege wa porini ambaye kwa Kijaluo tunamwita aweno.

"Aweno!" Oduor alisema. Alikuwa amesimama. "Ni aweno kabisa!"

Baba alikuja. Alilowesha kidole gumba kwa mate, akakipitisha juu ya yale madoa, taratibu, kama anayepima kisu. Nilingoja neno. Aliingia karakanani akatoka na kipande cha msasa kilichotumika mpaka kikawa kama ngozi, akaniwekea kiganjani. "Tumia hiki kilichozeeka," alisema. "Hicho kipya bado kina meno."

Nilisugua siku hiyo yote na kesho yake mpaka kucha zikaisha. Mwisho nikaomba vanishi kwa jirani, fundi wa majeneza, nikaipaka juu ndani ya nyumba, milango imefungwa, Mama amesimama kwenye kizingiti na leso mkononi akifukuza hata nzi. Jumamosi asubuhi baiskeli ilitoka nje, jua likaipiga, na mwanamke aliyekuwa anapita na kikapu cha viazi vitamu alisimama katikati ya barabara ya Busia mpaka lori likampigia honi.

Wazee wa Oduor walipanda basi. Mimi nilipanda keria ya nyuma, nimeshika kitambaa cha kufutia na kikopo cha rangi endapo jiwe litaikwaruza, maana fundi haachi kazi yake njiani. Tulipita Kisumu mjini, tukapita mashamba ya Kano, na watoto walitoka kwenye mpunga wakikimbia nyuma yetu, "Aweno! Aweno!" Wanaume wenye baiskeli za dukani walipunguza mwendo kutuangalia. Mmoja, mwenye suti, aliuliza, "Hiyo imetoka nchi gani?" Nikamjibu kutoka nyuma, "Otonglo!" Oduor alicheka nusura tuingie mtaroni.

Lakini baada ya Katito, tulipoacha barabara na kuingia njia ya vumbi, Oduor aliacha kucheka. Halafu akaacha kuimba. Mbele yetu niliona ua wa ojuok, mrefu, mnene, na kona yake. Kona ileile, nawaambia, kama ya kwetu, kana kwamba kila baba mwenye binti amepewa kona. Baiskeli ilipunguza mwendo. Ikasimama. Oduor aliweka mguu chini.

"Kijana, shuka."

Nilishuka. Niliangalia ndani ya ojuok na kuona mahali pazuri kabisa pa kuficha baiskeli, matawi yameachana kama mlango. Oduor alipokea kitambaa changu. Akafuta paipu ya juu. Akafuta shingo. Akainama akafuta viatu vyake, kimoja, cha pili. Akanirudishia kitambaa, akavuta pumzi.

"Panda."

Aliingia kwenye lile lango akipiga kengele kama mwendawazimu. Mbwa walibweka, kuku walipaa, wanawake walitoka jikoni mikono imejaa unga. Alizunguka uwanja mzima, mzunguko mmoja usio na kazi yoyote, akafunga breki mbele ya mlango wa nyumba kubwa, ambapo baba yake Adhiambo alikuwa ameketi na wageni. Mzee yule aliinuka. Hakumsalimia Oduor. Aliizunguka baiskeli, akainama, akagusa.

"Kijana," alisema, "ng'ombe wa rangi hii umemtoa zizi gani?"

"Zizi la fundi Magak wa Otonglo, Baba," Oduor alisema, kwa sauti ambayo hata wa boma la pili walisikia. "Na aliyempaka rangi ni huyu hapa."

"Huyu? Huyu ambaye hata kamasi hajafuta?"

Boma lilicheka, nami nilicheka, na nilifuta kamasi kwa kitambaa cha baiskeli. Nilipewa paja la kuku peke yangu. Sikumbuki walizungumza nini kuhusu posa. Adhiambo aliolewa, hilo najua, kwa sababu watoto wake wamekua wakinisalimia.

Nilirudi Otonglo kesho yake kwa basi, pamoja na wazee, nikiwa na mfupa wa kuku niliousitiri mfukoni. Baba alikuwa ameinama anakata paipu. Nilianza kumwaga habari zote kwa pamoja, mwenye suti, watoto wa mpunga, unga, paja la kuku. Aliniacha niseme. Kisha akauliza, msumeno ukiendelea kwenda na kurudi:

"Alishukia wapi?"

"Nani?"

"Oduor. Alishukia wapi?"

Nilidhani anauliza habari za njia, kama mtu anavyouliza mto umejaa au haujajaa. Nilichomoa mfupa wangu, nikautia mdomoni. "Mlangoni, Baba. Kwa nyumba kubwa." Nikaendelea na habari ya kuku.

Msumeno ulikuwa umesimama. Baba alitoka, akaenda nyuma ya karakana kwenye pipa la maji, akanawa uso, akakaa huko muda. Nilidhani vumbi la chuma limemwingia machoni.

Baada ya hapo hatukupumzika. Watu walitoka Ahero, walitoka Maseno, wote wanataka aweno. Sam wakianza kufuka ziwani, mimi nilikuwa nakimbia kuelekea kwao na fremu begani, watu wengine wakikimbia kurudi. Baba aliendelea kuziita punda mpaka mwisho wake, ila sasa alisema, "Leteni punda wenu apakwe."

Miaka mingi ilipita. Nikapata gereji, nikapata jina. Siku moja tajiri mmoja aliniletea lori, nikalipaka kazi ambayo sijawahi kuipita. Chini kabisa, karibu na taa ya nyuma, huwa naandika jina langu kwa herufi ndogo. Alilitazama, akaniomba kwa upole nilifute. Alisema lori linaenda Nairobi, na huko ni heri watu wadhani limepakwa hukohuko. Nililifuta. Nilisimama barabarani nikaliangalia likiondoka, linang'aa, linaelekea Ahero bila jina, na hapo ndipo lile swali la Baba, alishukia wapi, lilinifikia, limechelewa miaka yote hiyo.

Alikuwa anajua. Alijua habari ya ojuok tangu mwanzo, pengine alipita akaziona baiskeli zake kwa macho yake, kazi ya mikono yake imefunikwa matawi kama kitu kilichoibwa. Mama alimficha, mimi nilimficha, na yeye akatuficha sisi kwamba anajua, akaendelea kuvuta msumeno na kusema punda hapakwi rangi. Katika safari yote ile, pamoja na mbwembwe zangu zote, kulikuwa na jambo moja tu alilotaka kulisikia. Nami nilimjibu mbio mbio, mfupa wa kuku mdomoni.

Ningejua, ningemjibu polepole.